MGENI AKASOMEE WAPI KISWAHILI?

Madhumuni ya makala haya ni kujifunza pamoja jambo ambalo sisi tuliozaliwa na Kiswahili mdomoni hatulifikirii: je, mgeni aliyehamia kwetu atachaguaje mahali pa kujifunzia lugha hii? Mimi pia sikulifikiria, mpaka usiku ule jirani yetu alipobisha mlango.

Jirani huyo ametoka Uholanzi. Yeye, mumewe na mtoto wao wa miaka mitatu walipanga orofa ya juu ya nyumba inayoelekeana na yetu, karibu na Ndia Kuu, hapa Mji wa Kale. Alikuwa amesoma Kiswahili miezi mitatu kwa mwalimu mmoja wa mjini, na cheti alikuwa nacho. Usiku huo mumewe alikuwa safarini. Alisimama mlangoni amembeba mtoto, akasema, "Tafadhali, mtoto anapika. Anapika sana!"

Mimi nilicheka. Nakiri kosa langu. Nyanya hakucheka. Alimwekea mtoto mkono kwenye kipaji cha uso, akakiona cha moto. Akamwuliza mama yake, huku akionyesha kwa mkono kutoka mdomoni kwenda chini, "Anatapika?"

"Ndiyo! Anatapika!"

Tulitafuta gari tukampeleka hospitali, na alhamdulillahi alipona. Asubuhi yake jirani aliniuliza, "Nikasome wapi?" Kwa haya niliyoona, niliahidi kuzunguka naye wakati wa likizo. Haya ndiyo niliyojifunza katika mizunguko hiyo.

1. Aulize ni Kiswahili kipi

Siku moja mama mmoja wa mtaani alimwona jirani akiwa kibarazani, akamwita, "Ndoo! Ndoo hapa, mwanangu!" Jirani akaingia ndani mbio, akatoka na ndoo ya maji. Kitabu chake kilimfunza 'njoo', si 'ndoo'. Kumbe hata jina la mtaa wake lilikuwa somo tosha: Ndia Kuu ni Njia Kuu. Kwa Kimvita twasema 'mato' kwa macho, 'kitwa' kwa kichwa, na mtu 'akiteka' si lazima awe kisimani. Huenda anacheka tu.

Je, basi kitabu kilikosea? La hasha. Historia yatueleza. Mmishenari Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, akajifunza lugha ya huku. Kamusi yake ilitoka 1882, mwaka mmoja baada ya kufa kwake. Naye Steere alikaa Unguja, akaandika kitabu cha mafunzo ya Kiunguja kilichotoka 1870. Kila mmoja alisoma lugha ya watu aliokaa nao. Halafu mwaka 1928 ukafanywa mkutano wa kuchagua lahaja itakayokuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na Kiunguja kikachaguliwa. Mkutano huo ulifanyiwa wapi? Papa hapa Mombasa!

Kwa hiyo mgeni ajiulize kwanza: nitasema na nani? Anayetaka kazi ya ofisini, mtihani au magazeti, asome sanifu. Anayekaa Kibokoni au Kuze asome sanifu pia, lakini atafute mwalimu asiyesema kwamba Kimvita ni Kiswahili kibovu. Mwalimu wa namna hiyo atamfunga masikio mwanafunzi wake.

2. Ahesabu nani anayesema

Shule nzuri humruhusu mgeni akae somo moja kabla ya kulipa. Tuliomba hivyo mahali pawili. Pa kwanza, mwalimu alieleza ngeli kwa Kiingereza saa nzima. Nilikuwa na kalamu, nikahesabu: wanafunzi wanne walifungua vinywa mara tano tu, na mara mbili kati ya hizo walikuwa wanauliza saa. Ubao ulijaa, vitabu vikajaa, lakini midomo mitupu.

Pa pili, mwalimu alikuja na kikapu kutoka Marikiti. "Hili ni nini?" "Hili ni chungwa." "Na haya?" "Haya ni machungwa." "Nipe moja." Aliyekosea alisahihishwa pole pole, akasema tena. Ngeli ya LI-YA waliipata bila kuitajiwa jina. Nilipotoka sikuweza kuhesabu wamesema mara ngapi. Nilimwambia jirani, "Hapa ndipo."

Mgeni pia aulize kama masikio yatafunzwa. Mwalimu hodari atazisoma 'anapika' na 'anatapika', 'paka' na 'pakaa', 'kaa' na 'kataa', mpaka mwanafunzi azitenganishe akiwa amefumba macho.

3. Ahesabu saa, asihesabu ahadi

Yapo matangazo yanayosema, "Kiswahili kwa wiki mbili!" Hebu tufanye hesabu. Shule ya lugha ya wanadiplomasia wa Marekani hukadiria kwamba msemaji wa Kiingereza ahitaji wiki 36, yaani kama saa 828 darasani, ili aweze kufanya kazi kwa Kiswahili. Anayesoma saa 2 kwa siku, siku 3 kwa wiki, anapata saa 6. Gawanya 828 kwa 6: ni wiki 138, zaidi ya miaka miwili na nusu! Haraka haraka haina baraka. Wiki mbili zatosha salamu, bei na shukrani. Si haba, lakini anayeahidi zaidi anauza maneno.

Hapo hapo aulize kama shule imesajiliwa serikalini, hasa ikiwa anataka kuombewa pasi ya mwanafunzi.

4. Aangalie kilichoko nje ya mlango

Wageni wengi wamesomea Unguja katika TAKILUKI, iliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1970 na ambayo baadaye iliingizwa katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar. Wengine, hasa wamishenari wa Kikatoliki, wamesomea Makoko, Musoma. Faida yao moja ni kwamba mwanafunzi akitoka darasani, sokoni hakwepi Kiswahili.

Je, sisi? Hapa ndipo niliposhikwa na aibu ya pili. Mgeni akituanza kwa Kiswahili cha kuchechemea, sisi twamjibu kwa Kiingereza ili tuonekane tumesoma. Tunamnyima shule iliyo kubwa kuliko zote, nayo haina karo. Mmishenari Taylor, ambaye mkusanyiko wake wa methali za Kiswahili ulitoka 1891, alipata elimu kubwa kwa kukaa na Mwalimu Sikujua, mtaalamu wa hapa hapa Mvita. Mwalimu huyo angemjibu kwa Kiingereza, Taylor angepata nini?

Hatimaye

Jirani alichagua darasa la kikapu, asubuhi tatu kwa wiki. Alasiri hukaa barazani na nyanya, kahawa tungu mkononi, na nyanya hana Kiingereza hata neno. "Huyu ndiye profesa wangu," jirani husema, na nyanya huteka mpaka akashika mbavu. Juzi mtoto alikimbilia barabarani, pikipiki ikija kwa kasi. Mama yake hakutafuta neno kitabuni. Alipiga ukelele: "Ndoo hapa!" Mtoto akarudi mbio.

Basi wanachama wenzangu, mgeni akikuuliza njia ya kwenda Ngomeni, mjibu kwa Kiswahili, pole pole, na akikosea usimcheke kama nilivyocheka mimi.

MASWALI
1. Taja maneno matano ya Kimvita na uyaandike kwa Kiswahili sanifu.
2. Tunga sentensi mbili kuonyesha tofauti ya 'pika' na 'tapika'.
3. "Mwalimu bora wa lugha ni jirani." Jadili.