Mtoto anabana choo kwa sababu kinamuuma

SWALI: Daktari, nina mtoto wa kiume wa miaka miwili na miezi mitatu. Tangu nimwachishe kunyonya anakaa siku tatu hadi nne bila kupata choo, na kikija kinakuwa kigumu kama cha mbuzi. Akisikia haja anakimbilia nyuma ya mlango, anabana miguu na kulia. Anapenda sana maziwa, anamaliza vikombe vinne kwa siku. Anakula uji wa sembe na wali, mboga hataki. Bibi yake ananishauri nimtie kipande cha sabuni. Nimpe vyakula gani? – Mama, Morogoro

JIBU: Pole, mama, kwa mnayoyapitia. Kwanza elewa kwamba mwanao si mkaidi. Aliwahi kupata choo kilichomuumiza, na sasa anakiogopa. Anapobana, choo kinabaki kwenye utumbo mpana, utumbo unaendelea kufyonza maji yake, nacho kinazidi kukauka na kuwa kikubwa. Siku kikitoka kinamuuma kuliko cha mwanzo, na hofu inaongezeka. Kwa hiyo tunatafuta chakula kitakacholainisha choo kila siku, kwa wiki kadhaa, mpaka hofu hiyo imtoke.

Anza na maziwa. Hayana nyuzinyuzi hata kidogo, na vikombe vinne, ambavyo ni karibu lita nzima, vinamshibisha mtoto wa umri huo kabla hajaonja mboga. Mtoto wa mwaka mmoja hadi mitatu anahitaji kama vikombe vinne vya vinywaji kwa siku, maziwa yakiwa ndani ya hesabu hiyo. Wako anavimaliza vyote kwa maziwa, maji hayapati nafasi. Mpunguzie taratibu hadi vikombe viwili, yaani visizidi nusu lita kwa siku, na umpe baada ya kula. Maziwa yakizidi huchangia pia upungufu wa damu, hivyo utakuwa umemkinga na mambo mawili kwa pamoja.

Nafasi iliyobaki ijazwe na maji safi na salama. Mpe kidogo kidogo kutwa nzima, na umwongezee siku za joto. Maji yana kazi kubwa hapa, kwa sababu nyuzinyuzi za chakula hulainisha choo kwa kushika maji. Ukimjaza mboga na maharage huku hanywi maji, atajaa gesi na choo kitabaki kigumu vilevile.

Sasa matunda. Mtoto wa miaka miwili anahitaji walau gramu 7 za nyuzinyuzi kwa siku. Hesabu inayotumika ni umri wake ukijumlisha 5. Nusu ya parachichi la wastani pekee ina kama gramu 5, nalo ni laini, linapondeka kwa uma na watoto wengi hulipenda. Papai lililoiva, embe, na chungwa linaloliwa na nyama zake badala ya kukamuliwa, vyote vinafaa. Plamu na peasi za Lushoto zikifika sokoni, chukua. Zina sukari ya asili iitwayo sorbitoli, ambayo huvuta maji ndani ya utumbo na kulainisha choo. Ndizi iwe imeiva kabisa. Ile ambayo bado ni ngumu ina wanga usiosagika upesi na inaweza kumfunga zaidi.

Kuhusu mboga, usigombane naye. Mtoto anaweza kukataa chakula mara kumi na zaidi kabla hajakizoea, kwa hiyo endelea kumwekea kidogo pembeni ya sahani bila kumlazimisha, naye akuone wewe ukila. Anza na zinazoteleza: bamia na mlenda humezeka kwa urahisi. Mchicha na matembele vikatwe vidogo sana, uvichanganye na maharage, kunde au choroko zilizopondwa. Jamii hiyo ya kunde ina nyuzinyuzi nyingi kuliko mboga nyingi za majani, na bei yake inabebeka.

Badilisha pia unga. Sembe imeondolewa ganda na kiini cha hindi, na huko ndiko nyuzinyuzi ziliko. Uji wa ulezi au wa dona utamsaidia zaidi, na wali upishane na viazi vitamu. Ukisagisha dona, hakikisha mahindi yamekauka vizuri na umechambua yaliyooza au kuota ukungu, maana sumukuvu hukaa humo. Ndiyo iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016.

Siku moja inaweza kwenda hivi. Asubuhi uji wa ulezi na vipande vya papai. Saa nne, nusu ya parachichi. Mchana ugali wa dona, maharage na mlenda. Saa kumi, chungwa au embe. Usiku kiazi kitamu na choroko. Kila mlo ufuatwe na maji. Juisi ya ukwaju iliyozimuliwa vizuri inaruhusiwa, ila juisi ya aina yoyote isizidi nusu kikombe, mililita 120 kwa siku, kwa sababu tunda lenyewe lina faida zaidi. Biskuti, chipsi, soda na chai ya rangi viwekwe kando, maana vinamjaza tumbo bila kumsaidia. Mabadiliko haya yafanye hatua kwa hatua ndani ya wiki moja au mbili ili tumbo lisijae gesi.

Baada ya kula, utumbo huamka wenyewe. Tumia nafasi hiyo: mkalishe kwenye poti dakika tano baada ya kifungua kinywa na baada ya chakula cha usiku, nyayo zikiwa zimekanyaga chini. Choo cha shimo humtisha mtoto mdogo, usimlazimishe. Akipata choo msifu. Asipopata, mwinue bila kumkemea.

Bibi anamtakia mema mjukuu wake, na ushauri wa sabuni umetolewa na wengi. Lakini sabuni inachubua ngozi laini ya njia ya haja kubwa, na kila inapomuuma, inamthibitishia mtoto kuwa choo ni kitu cha kuogopwa. Mweleze bibi kwa heshima, kisha muombe akusaidie kwenye mlenda na uji wa ulezi. Usimpe pia dawa za kuharisha za watu wazima, mafuta ya nyonyo, wala bomba la maji ya sabuni.

Mpeleke kituo cha afya mapema ukiona damu kwenye choo, au kama hali haijabadilika baada ya wiki mbili za chakula hiki. Mpeleke pia ukiona choo cha majimaji kinachafua nguo bila yeye kujua. Mara nyingi huko si kuharisha. Ni majimaji yanayopita pembeni ya choo kigumu kilichoziba, na hapo chakula pekee hakitoshi. Atahitaji dawa ya kulainisha, kama laktulosi, kwa kipimo atakachopangiwa na daktari. Nenda siku hiyohiyo kama tumbo limevimba, anatapika, hasa matapishi ya kijani, au ana homa. Kama anapungua uzito, au alichelewa kupata choo cha kwanza zaidi ya siku mbili baada ya kuzaliwa, mweleze daktari, achunguzwe.

Kosa ninaloliona mara kwa mara ni wazazi kurudi kwenye maziwa na sembe mara tu mtoto anapofunguka. Utumbo uliotanuka huchukua muda kurudi katika hali yake, na hofu nayo huchukua muda kuisha. Endelea na chakula hiki miezi miwili au mitatu baada ya choo kuwa laini, na kiwe chakula cha nyumba nzima, ili mtoto asijione ametengwa na sahani yake.