Chambo Kiendacho Mbio Kikae Ndani ya Maji

Mhariri wetu aliniomba niandike juu ya methali, lakini methali zina wenyewe. Mimi ni mtoto wa mvuvi, kwetu ni ng'ambo ya hori ya Kilifi, na jambo lililoninyima usingizi mwaka uliopita ni chambo. Nitalieleza kama somo. Asiyependa Fizikia naomba anivumilie.

Kwa wenzetu wa bara nianze na neno lenyewe. Kurambaza ni kuvua huku chombo kinakwenda. Mshipi mrefu hufungwa tezi, yaani nyuma ya chombo, na mwisho wake kuna chambo cha bandia chenye ndoana. Chambo hukokotwa kikawa kama samaki mdogo anayekimbia kuokoa roho yake. Nguru, jodari au kolekole akikiona hukifukuza.

Babangu alirambaza kwa tanga tangu mimi sijazaliwa. Kisha akachukua injini ya nguvu za farasi 15 kwa mkopo, tukashangilia nyumba nzima. Kumbe! Ikapita wiki, nguru hakuna. Ikapita ya pili, hakuna. Nilipofuatana naye Jumamosi moja nikaona kwa macho yangu: chambo kilikuwa kinarukaruka juu ya maji kama kigae anachorusha mtoto ufuoni. Membe wakawa wanakidonoa, na mmoja akanasa kwenye ndoana hata ikabidi nimfunike kwa shati langu la shule nimfungue. Wazee bandarini walisema injini ina kelele, inafukuza samaki. Mkopo nao haungoji mtu. Mama akauza mbuzi wawili, na pesa yangu ya chakula cha mchana ikaenda huko huko. Muhula huo saa saba nilikuwa nashiba maji ya mfereji.

Utauliza, si apunguze mwendo tu? Nilimwuliza hivyo hivyo. Akaniambia, "Mwanangu, nikienda polepole nitafika nje ya mwamba jua limepanda, na nikirudi polepole barafu imeyeyuka. Turambaze tukienda na tukirudi, la sivyo petroli inaungua bure." Basi ikabidi chambo kijifunze mbio.

Sasa tazama nguvu zinazogombania chambo. Uzito wake unakivuta chini. Mshipi unakivuta mbele na juu, kwa kuwa umefungwa mahali palipo juu ya maji. Na maji yenyewe yanakisukuma nyuma chambo, na mshipi wote uliozama. Nguvu hii ya maji haiongezeki kwa kadiri ya mwendo, bali kwa mraba wake. Kwa tanga tulikwenda tuseme maili 3 za baharini kwa saa. Kwa injini 6. Mwendo umezidi mara 2, msukumo wa maji umezidi mara 4. Lakini uzito wa chambo ni ule ule wa jana! Ndiyo maana chambo kinachotegemea uzito peke yake hupanda juu kila unapoongeza moto.

Wazo la kwanza la baba lilikuwa ni jiwe. Alilifunga kwenye mshipi, likasaidia kidogo sana. Hapa ndipo Arkimedi alipoingia nyumbani kwetu. Jiwe la gramu 500 likizama katika maji ya bahari hubaki na uzito wa kama gramu 300 tu, maana maji yanalibeba. Chubwi la risasi la gramu 500 hubaki na kama gramu 455. Tena risasi ni ndogo kwa umbo, maji hayapati pa kuisukuma. (Darasani walinicheka kwa neno "chubwi" wakadhani nimelibuni. Fungueni kamusi.) Tukaweka chubwi, lakini si karibu na chambo, maana likikaribia huua mchezo wake na chambo huenda kama kijiti. Pima 3 au 4 mbele yake panatosha.

Jambo la pili ni mshipi wenyewe, na wengi hulisahau. Mshipi mnene ni kama tanga chini ya maji. Baba alipenda nailoni nene kwa kuogopa kukatikiwa. Tulipobadili tukaweka nyembamba kidogo, chambo kilishuka bila kuongeza hata gramu moja. Tukashusha pia mahali pa kuufunga mshipi, kutoka kwenye nguzo hadi karibu na ubao wa tezi. Hilo halikutugharimu hata senti.

Nilijaribu kupima kina kwa kipimapembe cha seti yangu ya hesabu, asubuhi hori ikiwa shwari. Tuseme mita 40 za mshipi zimezama, na mshipi unaingia majini kwa pembe ya digrii 5. Zidisha 40 kwa saini ya 5, unapata kama mita 3.5. Pembe ikiwa digrii 2, ni mita 1.4 tu. Ila kina cha kweli huzidi hapo, kwa sababu mshipi haunyooki. Karibu na chombo umelala zaidi na karibu na chambo umeinama zaidi. Baba alinitazama nimelala tezini na kipimapembe, akasema, "Huyu ndiye ninayemlipia karo."

Dawa kubwa, hata hivyo, ilitoka Watamu. Mjomba wangu ni baharia katika boti ya watalii, na mgeni mmoja wa Kanada alimsimulia juu ya samaki wa kwao aitwaye muskellunge. Ni samaki wa maji baridi, mrefu, mwenye meno, ambaye hujificha kwenye majani akivizia. Wavuvi wa huko hurusha chambo na kukirudisha mbio kwa gurudumu, nao wana shida ile ile yetu: chambo kinaibuka. Wanaotumia chambo chenye kijibati kinachozunguka wanajua kuwa bati pana hukinyanyua, kwa hiyo wakitaka mbio huchagua bati jembamba lenye umbo la jani, mwili wa chambo ukawa mzito, na ncha ya ufito wakaiinamisha hadi karibu iguse maji. Pia hutumia samaki wa plastiki au mti mwenye ulimi chini ya kidevu.

Ulimi huo ndio siri. Maji yakiupiga, unasukuma kichwa chini. Na msukumo huo nao huongezeka kwa mraba wa mwendo, sawasawa na ule unaokipandisha! Kwa hiyo ukienda mbio kina hakibadiliki sana. Ulimi mrefu uliolala kufuata mwili hushuka sana. Uliosimama wima hushuka kidogo. Mjomba alituletea vitatu vilivyotupwa na watalii.

Lakini visikudanganye. Mwendo ukizidi uwezo wake, chambo hubiruka ubavu kikatoka nje ya maji. Mara nyingi kosa ni kitundu cha kufungia mshipi kuwa kimepinda. Kijaribu kando ya chombo kabla ya kukiachia. Kikikimbilia kushoto, pinda kitundu kulia kwa koleo, kidogo mno, kisha jaribu tena. Angalia na mwani kwenye ndoana. Unyuzi mmoja tu unatosha kukizungusha hadi juu. Na chombo kikikata kona, mshipi wa ndani hupunguza mwendo na ule wa nje huongeza, basi usione ajabu cha nje kikiibuka.

Kaskazi iliyopita, Jumapili, tulitoka mlangoni mwa mwamba kabla ya alfajiri na vyambo viwili vya ulimi na kimoja cha chubwi. Hakuna kilichoruka. Membe walituzunguka wakakata tamaa. Tukapata nguru watatu kabla ya saa mbili, wawili kwenye ulimi na mmoja kwenye chubwi. Baba hakusema kitu, alinipa usukani tu akaketi kuwapasua.

Deni limebaki la miezi mitano. Chambo cha tatu cha mjomba nilikipinda kitundu kupita kiasi kikavunjika mkononi mwangu, na bado sijamwambia.