Mbwa Anayekojoa Unapomsalimia: Usimpige, Msaidie

Wengi wetu tumekulia mahali ambapo mbwa alikuwa wa nje. Alilala uani, akalinda geti usiku, na akikojoa hakuna aliyehangaika. Huku ughaibuni watoto wameona wenzao wana mbwa, wamelia mpaka mzazi amekubali, na sasa mbwa yumo sebuleni juu ya kapeti ya mwenye nyumba. Unarudi kazini usiku umechoka, unafungua mlango, mbwa anakuja mbio, na kabla hujavua koti ameshakojoa miguuni pako. Unamfokea, naye anakojoa tena. Kama ni mtu wa kuswali, tabu imezidi, maana nguo na zulia vyote vinataka kutwaharishwa. Hapo ndipo wengi humrudisha mbwa walikomtoa. Kabla hujafika huko, elewa kwanza kinachotokea.

Hali hii ina sura mbili. Kuna mkojo wa furaha: mbwa, hasa mdogo, anarukaruka, anatikisa mkia, na mkojo unamponyoka kwa sababu bado hawezi kukizuia kibofu vizuri. Wengi huacha wenyewe wanapokaribia mwaka mmoja.

Halafu kuna mkojo wa kunyenyekea. Huyu anajikunyata, masikio yamelala nyuma, mkia uko katikati ya miguu, anakwepa macho yako, pengine analala chali. Hapa mkojo ni salamu. Ni kama anakuambia, "Shikamoo mkubwa, mimi mdogo wako, usiniumize." Sasa fikiria, mtu amekupa shikamoo nawe umemjibu kwa kofi. Kesho atakuamkia mara mbili! Ndiyo maana kumfokea, kumpiga au kumsugua pua kwenye mkojo kunazidisha tatizo. Si ukaidi, wala si kwamba hajafundishwa kwenda nje.

Lakini anza kwa daktari wa wanyama. Mbwa aliyekuwa msafi akaanza ghafla, anayevuja akiwa usingizini, anayekunywa maji kupita kawaida au mwenye damu kwenye mkojo anaweza kuwa na maambukizo ya njia ya mkojo, kisukari au ugonjwa wa figo. Majike waliofungwa uzazi nao wakati mwingine huvuja, na dawa ipo. Usimnyime maji ukidhani unamsaidia.

Daktari akisema ni mzima, kazi inabaki kwako, na sehemu kubwa ni namna unavyoingia nyumbani. Ingia kama vile mbwa hayumo. Usimwite, usimtazame, weka mizigo yako. Kama ni wa furaha, mtoe nje moja kwa moja akojoe huko, ndipo umsalimie. Akishatulia, chuchumaa au kaa ukiwa umempa ubavu, umwache aje mwenyewe. Usimwinamie wala usimpapase kichwani, maana mkono unaotoka juu unamtisha. Mkune chini ya kidevu au kifuani, kidogo tu, kwa sauti ya chini. Unaweza pia kumrushia vipande vya chakula sakafuni unapoingia, ashughulike navyo. Baadaye mfundishe kukaa kwa amri, ili akiona mtu awe na jambo la kufanya badala ya kuogopa.

Mimi nilichelewa kulielewa hili. Mbwa wetu alikuwa akinikojolea mimi tu, mke wangu kamwe. Nikasema mbwa huyu ana chuki nami. Kumbe ni mimi: mrefu, sauti nzito, na kila jioni nilimwinamia usoni kwa mapenzi.

Wageni ni mtihani mwingine. Sisi tunajua salamu zetu mlangoni: watu watano, sauti juu, habari za nyumbani, za kazi, za watoto. Mmoja anamnyooshea mbwa mkono, mwingine anapiga kelele na kukimbia kwa sababu anaogopa mbwa. Mweke chumba kingine mpaka wageni wakae, kisha mtoe akiwa kwenye kamba, na uwaombe wasimjali. Watoto nao wafundishwe kutomkumbatia wala kumkimbilia.

Usitegemee siku tatu. Huchukua wiki nyingi, kwa wengine miezi, hasa mbwa aliyewahi kupigwa na mwenyewe wa zamani. Akirudia, usiseme kitu. Mtoe chumbani kwa upole, kausha mkojo kwa karatasi ukikandamiza bila kusugua, kisha tumia dawa ya kusafishia yenye vimeng'enya inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya wanyama. Epuka sabuni zenye amonia: harufu yake inafanana na ya mkojo, na mbwa anaweza kurudi kukojoa palepale.