SOMO LA ROBO HII: Madonge ya Bundi Yanatueleza Nini Kuhusu Panya wa Mashamba Yetu?



Mmezoea kusoma katika jarida hili habari za visima, mbegu bora na vikundi vya kuweka na kukopa. Safari hii tunawaletea somo juu ya bundi, na hasa juu ya kile anachokitapika. Tunaomba msikunje uso kabla ya kufika mwisho, kwa sababu jambo lenyewe linahusu mahindi yetu, usalama wa watoto wetu na namna tunavyofikia maamuzi katika kamati zetu.

JAMBO LILILOTUFIKISHA HAPA

Mwanzoni mwa msimu wa kupanda, katekista wa kigango kimoja mkoani Morogoro alitupigia simu. Bundi wawili walikuwa wamefanya makazi katika mnara wa kengele. Wiki hiyo mzee mmoja alifariki, na watu kadhaa walisema walisikia bundi wakilia usiku wa kuamkia msiba. Vijana walikwisha andaa ngazi na mawe. Katekista aliwasihi wasubiri hadi Jumapili.

Wakati huo huo waumini walikuwa wanalia na panya. Mbegu zilifukuliwa kabla hazijaota. Mama mmoja alikuwa amepanda shamba lile lile mara tatu. Wengine walikuwa wananunua sumu ya panya iliyopimwa kwa kijiko na kufungwa kwenye karatasi, bila maelekezo yoyote, na kuiweka ndani ya nyumba wanamolala watoto.

Tulipofika hatukuanza kwa kuhubiri. Tuliomba kamati itupe saa mbili, ndoo ya maji na turubai, ili tuwaulize bundi wenyewe wanakula nini.

KWA NINI PANYA NI TATIZO KUBWA

Panya anayeharibu zaidi mahindi yetu ni panya shamba, ambaye wataalamu humwita Mastomys natalensis. Jike wake anaweza kuwa na chuchu hadi 24. Hubeba mimba kwa siku 23 hivi, na huzaa watoto kumi au zaidi kwa mara moja. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro, pamoja na wenzao kutoka nje, wamemchunguza kwa miaka mingi. Wameonyesha kwamba mvua za vuli zikiwa nyingi, panya huendelea kuzaana na mlipuko unaweza kufuata. Hasara ya mahindi nchini Tanzania imekadiriwa kuwa kati ya asilimia 5 na 15 kwa mwaka, na penye mlipuko mkulima anaweza kupoteza karibu kila kitu. Wakati wa hatari zaidi ni pale mbegu inapofukiwa na wiki mbili za kwanza za mche.

DONGE LA BUNDI NI KITU GANI?

Wengi walidhani ni kinyesi. Sivyo. Bundi hana meno ya kutafunia. Windo dogo kama panya hulimeza zima, na manyoya na mifupa yake. Nyama huyeyushwa tumboni. Mifupa, manyoya, kucha na magamba ya wadudu hubaki katika firigisi, ambayo huyabana pamoja kuwa donge. Baada ya saa kadhaa bundi hulitapika.

Tindikali ya tumbo la bundi si kali kama ya mwewe au tai, na kwa hiyo mifupa hutoka ikiwa karibu mizima. Hii ndiyo faida yetu. Bundi wa mnarani, yule mwenye uso mweupe wenye umbo la moyo, hutoa kwa kawaida donge moja au mawili kwa siku. Donge lina urefu wa sentimeta 4 hadi 6 hivi. Likiwa jipya ni jeusi na linang'aa; likikaa huwa la kijivu na kumeguka. Ndani yake mara nyingi kuna mabaki ya wanyama zaidi ya mmoja.

NAMNA YA KUFANYA UCHUNGUZI

Vifaa: mipira ya mikono, barakoa au kitambaa cha kufunika pua, ndoo ya maji, sufuria kuukuu isiyotumika tena kwa chakula, vijiti au sindano za kushonea, karatasi nyeupe, daftari, na lenzi ya mkono ikipatikana.

1. Okoteni madonge yaliyoanguka chini. Msipande kwenye kiota wala msiwasumbue ndege wenye makinda.

2. Nyunyizieni maji kabla ya kugusa, ili vumbi lisipande. Kisha chemsheni madonge kwa muda usiopungua dakika kumi. Msiruke hatua hii. Nchini Marekani madonge ya bundi yaliyotumika mashuleni yamewahi kuwaambukiza wanafunzi bakteria wa salmonela. Watoto wachunguze tu kilichochemshwa, wasile chochote mezani, na wote wanawe kwa sabuni.

3. Chambueni donge moja moja juu ya karatasi. Wekeni mafuvu upande mmoja, mataya ya chini upande mwingine, na mifupa mingine pembeni.

4. Tambueni mnyama kwa meno yake:
– Panya: meno ya mbele marefu, yaliyopinda, yenye rangi ya manjano, kisha pengo, kisha magego.
– Kirukanjia (mnyama mdogo mwenye pua ndefu): meno meupe yenye ncha, yamepangana bila pengo.
– Popo: meno ya pembeni makali kama ya mbwa mdogo, na mifupa ya mikono mirefu na myembamba sana.
– Ndege: fuvu jepesi lenye mdomo, bila meno.
– Wadudu: magamba magumu ya mabawa na miguu.

5. Hesabuni kwa uaminifu. Mkipata mataya 7 ya kushoto ya panya na 9 ya kulia, msiseme ni panya 16, wala msigawanye kwa mbili na kusema ni 8. Kila panya ana taya moja la kulia, basi walikuwepo panya wasiopungua 9.

6. Andikeni tarehe, mahali, idadi ya madonge na idadi ya kila aina ya mnyama. Rudieni kila mwezi, kwa kuwa chakula cha bundi hubadilika kufuatana na msimu.

TULICHOKIONA CHINI YA MNARA

Mwanzoni wazee walikaa mbali. Aliyesogea wa kwanza ni yule mama aliyepanda mara tatu. Alichukua kijiti, akatoa taya la kwanza, akalitazama, akasema, "Huyu ndiye mwizi wangu." Baada ya hapo turubai lilijaa watu. Donge baada ya donge, meno yaliyotoka yalikuwa ya panya kwa wingi. Palikuwa na kirukanjia wachache na fuvu moja la ndege mdogo. Kijana mmoja aliyekuwa na hakika kwamba bundi ndio wanaomaliza vifaranga vyake alitafuta mfupa wa kifaranga mpaka donge la mwisho, asiupate.

Mzee mmoja aliuliza swali zuri: "Kama bundi wanakula panya hivi, mbona panya bado wako shambani?" Tulimjibu kwamba madonge yanatueleza bundi wamekula nini, hayatuelezi panya wangapi wamebaki. Kwa uzazi wa panya shamba, bundi wawili peke yao hawawezi kuzuia mlipuko. Ni wasaidizi. Kazi ya kusafisha mapori pembezoni mwa mashamba, kutega mitego kwa pamoja kabla ya kupanda na kuhifadhi mahindi mahali pasipoingilika inabaki kuwa yetu.

Tunalisema hili wazi pia kwa wafadhili wetu. Hatutawaandikia kwamba bundi wamemaliza njaa. Tutawaandikia kile tulichokihesabu.

KUHUSU SUMU

Sumu nyingi za panya za siku hizi huzuia damu isigande. Panya aliyekula hafi papo hapo. Hutembea siku kadhaa akiwa amelegea, naye ni rahisi kukamatwa. Bundi akimla, sumu inaingia mwilini mwake. Hivyo mkulima anaweza kumuua yule anayemlindia shamba bila kukusudia. Sumu hiyo hiyo ni hatari kwa mtoto, mbwa na kuku. Inapobidi kuitumia, inunuliwe ikiwa kwenye kifungashio chenye maelekezo, itumike kwa ushauri wa bwana au bibi shamba, na mizoga ifukiwe.

Mkiona panya wengi wamekufa bila sababu, msiwaguse. Toeni taarifa kituo cha afya. Wenzetu wa Lushoto, waliopata milipuko ya tauni kuanzia mwaka 1980, wanajua uzito wa jambo hili.

IMANI YETU NA BUNDI

Hatuwezi kukwepa suala hili. Wengi wetu tulilelewa tukiambiwa kwamba bundi akilia juu ya paa kuna msiba. Hatuwadharau wazee waliotufundisha hivyo. Lakini tujiulize: bundi hulia kila usiku kuitana na mwenzake na kulinda eneo lake, ni usiku ule wa msiba tu tunaoukumbuka. Biblia inamtaja bundi kama ndege asiyeliwa, katika Mambo ya Walawi sura ya 11, na kama mkaaji wa mahame, katika Zaburi ya 102. Haisemi kwamba sauti yake inaua mtu. Uhai na kifo vimo mikononi mwa Mungu. Na tunajua pia kwamba neno "bundi" likishachanganywa na neno "mchawi", mwisho wake huwa ni bibi kizee fulani kunyooshewa kidole. Kamati ya parokia inayonyamaza hapo inashiriki.

Katika nchi alimozaliwa Bwana wetu, wakulima wa Sde Eliyahu, nchini Israeli, walianza mwaka 1983 kuwawekea bundi wa aina hii masanduku ya kutagia mashambani ili wapunguze panya. Mwaka 2002 mpango huo ulivuka mpaka na kuwaunganisha na wakulima wa Yordani na wa Palestina. Bundi hawajui mpaka, na panya pia hawaujui.

UAMUZI WA KIGANGO

Kamati haikukubaliana yote. Mjumbe mmoja alisema waziwazi kwamba meno ameyaona na ameyaamini, ila hataki bundi juu ya altare. Baada ya majadiliano marefu waliamua: bundi wasiuawe, waachwe mnarani mpaka makinda watakapoondoka, na fundi wa kigango atengeneze sanduku la mbao litakalofungwa juu ya mwembe ulio pembeni mwa shamba la parokia, kabla mnara haujazibwa kwa wavu. Yule kijana wa vifaranga ndiye aliyekabidhiwa daftari.

Hatujui kama bundi watalikubali sanduku. Tutawaeleza katika toleo lijalo.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA NDOGO NDOGO

1. Katika eneo letu bundi wanakaa wapi, nasi tunawatendea nini?
2. Ni kiumbe gani au mtu gani mwingine tumemhukumu bila kuchunguza?
3. Sumu ya panya inahifadhiwa wapi katika nyumba zetu?
4. Tunaweza kutega mitego siku moja kijiji kizima? Nani atatuhamasisha?

Parokia itakayopenda kufanya somo hili iwasiliane nasi kupitia mratibu wake wa maendeleo. Gharama ni ndogo: mipira ya mikono, sabuni, daftari na lenzi chache. Wafadhili wanaotaka kuchangia lenzi tunawashukuru mapema.

Mungu awabariki, na awape mavuno ya kutosha.