Sarafu Ndogo za Makaisari wa Rumi

Katika nchi zilizokuwa chini ya Dola ya Rumi, tangu Uingereza hata Misri, wakulima hufukua mpaka leo visarafu vya shaba vilivyogeuka rangi ya kijani kwa kukaa udongoni. Vingi havizidi ukubwa wa kifungo cha shati. Wataalamu hawavidharau, maana kila kimoja ni tangazo la Kaisari lililofika mkononi mwa mtu mnyonge sokoni.

Na tutwae kimoja tukisome. Upande wa kwanza una kichwa cha Kaisari, na kandokando maneno ya Kilatini: DN CONSTANTIVS PF AVG. Herufi DN ni ufupisho wa "Bwana wetu". PF ni mchaji na mwenye heri. AVG ni Augustus, yaani cheo chake. Huyu ni Constantius wa Pili, mwana wa Constantine, aliyetawala tangu mwaka 337 hata 361. Upande wa pili askari anamchoma mkuki adui anayeanguka na farasi wake, na juu yao pameandikwa FEL TEMP REPARATIO, maana yake nyakati za heri zimerudishwa. Chini kabisa mna herufi za mji ilimopigwa sarafu: ALE ni Alexandria katika Misri, ANT ni Antioch, TR ni Trier katika Ujerumani ya leo. Mara nyingi herufi hizo zimekatika, kwa kuwa sarafu zilipigwa kwa nyundo, moja moja, na mkono wa mpigaji haukulenga sawasawa kila mara.

Je, nyakati za heri zilikuwa zimerudi? Mizani yatoa jibu lake. Mnamo mwaka 294 Kaisari Diocletian alitoa sarafu ya shaba yenye fedha kidogo ndani yake, uzito wake gramu 10 hivi. Bei za vitu zikazidi kupanda, hata mwaka 301 akaweka bei kwa amri, na adhabu ya kuivunja ilikuwa kifo. Bidhaa zikafichwa, na amri ikaachwa. Kufikia mwaka 336 sarafu ya shaba haikutimia gramu 2. Mwaka 348 ndipo ilipotolewa ile yenye maneno ya heri, kubwa kuliko iliyotangulia. Nayo ikapunguzwa baada ya miaka michache tu.

Tajiri hakuumia sana. Akiba yake ilikuwa ya dhahabu, katika sarafu aliyoianzisha Constantine, 72 kwa ratili moja ya Kirumi, ambayo haikupunguzwa kwa zaidi ya miaka 600. Aliyeumia ni kibarua na mwuza mboga, ambao mapato yao yalikuwa shaba tupu.

Mnamo mwaka 355 Constantius alianza kutoa sarafu nyingine, yenye uzito wa gramu 2 hivi. Safari hii haikutaja heri iliyorudi. Iliandikwa SPES REIPVBLICE, yaani tumaini la dola.