Selimundu: Ugonjwa mmoja, masomo matatu

Mtoto analetwa hospitalini akilia kwa maumivu ya mifupa. Vidole vimevimba, macho ni ya manjano. Jirani wanasema amerogwa. Baba anamlaumu mama. Je, daktari atawaambia nini?

Wanafunzi wengi wa udaktari huona bayokemia, jenetiki na lishe kuwa masomo ya kukariri tu. Lakini mtoto huyu, ambaye anaugua selimundu, anayahitaji yote matatu. Hapa Kenya ugonjwa huu huonekana zaidi Nyanza, Magharibi na Pwani.

Kwanza, bayokemia. Damu hubeba oksijeni kwa protini iitwayo himoglobini. Mnyororo wake mmoja, beta, una asidi amino 146. Katika selimundu, ile ya 6 imebadilika: badala ya asidi glutamiki kuna valini. Ni hiyo moja tu! Oksijeni ikipungua, himoglobini hiyo hushikamana, chembe nyekundu hupinda kama mundu na kuziba mishipa midogo. Hapo ndipo maumivu huanza.

Pili, jenetiki. Mtoto hurithi jeni moja kutoka kwa mama na moja kwa baba. Mwenye jeni moja ya selimundu kwa kawaida haugui. Wawili wa aina hiyo wakizaa, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya kupata mtoto mgonjwa. Mnamo 1954, Anthony Allison, mtafiti aliyekulia Kenya, alionyesha kuwa jeni hiyo moja humkinga mtu na malaria. Ndiyo maana imedumu katika sehemu zenye mbu wengi.

Tatu, lishe. Chembe nyekundu za kawaida huishi siku 120 hivi. Za mgonjwa huishi siku 10 hadi 20. Mwili wake hutengeneza damu mpya bila kupumzika, na kwa kazi hiyo huhitaji asidi foliki, iliyomo katika mboga za majani na maharagwe. Anywe maji mengi pia. Lakini asipewe dawa za kuongeza madini ya chuma kabla ya kupimwa, kwani huenda anayo tele mwilini.

Sasa daktari anaweza kuwajibu wazazi: hakuna aliyeroga, na mama hana lawama peke yake, kwani jeni zilitoka kwa wote wawili. Nanyi mnaopanga kuoana, pimeni damu mapema mjue mlivyo.