Mfalme na Dhamiri

Mwaka 1689 Mwingereza John Locke alitoa barua juu ya uvumilivu wa dini: serikali ilinde uhai na mali za raia, isitawale roho zao. Maneno mema, lakini waliodhaniwa kumtii mtawala wa ng'ambo aliwaacha nje, nasi Wakatoliki tukiwamo.

Tuhuma ya namna hiyo iliwaangukia vijana wa ikulu ya Kabaka Mwanga. Wafanyabiashara wa pwani walikaribishwa; waliosali walichomwa moto Namugongo, tarehe 3 Juni 1886, Wakatoliki na Waprotestanti pamoja. Haikupita miaka 6, wenye dini hizo mbili wakapigana Mengo, Januari 1892, na bunduki za kampuni ya biashara ya Kiingereza zikaamua. Ndipo Mwanga, ndugu msomaji wa Hamugembe, akakimbilia huku kwetu Bukoba, pamoja na watu wa dini aliyoitesa.